Malalamiko ya Tangi la Tatu

Hebu mwone Marlys Tveit akiingia kiwandani saa moja asubuhi, theluji bado kwenye buti, boksi la donati kwapani. Hajafika hata mlango wa pili, ameshakunja pua. Harufu hiyo anaijua. Miaka ishirini ameminya jibini kwa mikono yake humu Wisconsin kabla ya kujifundisha kompyuta kwa vitabu vya maktaba. Maziwa yaliyochacha hayamdanganyi.

Akafuata pua yake hadi tangi la tatu. Akainua kifuniko, akakirudisha upesi.

Lakini faili la vipimo vya matangi lilisema baridi ni ileile!

Programu ya kupima matangi aliiandika yeye. Kila dakika inasoma vipimajoto, kisha inatoa maneno kwa njia mbili: namba njia yake, malalamiko, yaani maonyo ya hitilafu, njia yake. Kwenye skrini vyote hutoka pamoja. Ila ukiagiza namba ziandikwe kwenye faili la mkaguzi, malalamiko hubaki nje, mekundu, yakimsubiri mtu ayasome. Skrini hiyo iko ofisini kwa meneja. Marlys mezani kwake hufungua faili tu.

Akaenda kwenye skrini hiyo, akaitazama amri inayoiwasha programu. Mwishoni palikuwa na maneno machache asiyoyaandika yeye: malalamiko yote yatupwe kwenye lile shimo la kompyuta ambalo kinachoingia humo hakiokotwi tena. Yaliwekwa siku kumi na tisa zilizopita.

Meneja, Duane Pflueger, akapita na kikombe cha kahawa.

"Duane, nani kaziba malalamiko?"

"Mimi. Yalikuwa yanamwagika skrini nzima, mama, mpaka kichwa kinauma. Nikatafuta kwenye mtandao, dakika mbili tu, kwisha! Si pasafi sasa?"

"Pasafi? Nenda kanuse tangi la tatu."

"Aa, nawe! Kiwanda cha jibini ulitaka kinukie waridi?"

"Yalikuwa yanasema nini?"

"Nitajuaje? Nani husoma yale?"

Marlys akaigeukia kompyuta. Akayafuta maneno ya Duane, akaiwasha programu upya. Wekundu ukafumka palepale: *Kipimajoto cha tangi la tatu hakijibu. Narudia namba ya mwisho.*

Narudia namba ya mwisho. Hayo sasa yalikuwa maneno ya Marlys mwenyewe. Ndiye aliyeifundisha programu hivyo, kwa kuwa wakaguzi hawapendi faili lenye mapengo. Siku kumi na tisa, namba ileile moja, imepangwa mstari chini ya mstari, nadhifu kama meno ya bandia. Friji ya tangi ilianza kuzembea lini? Juzi? Wiki iliyopita? Hakuna ajuaye. Na jibini la maziwa ya tangi hilo liliuzwa Ijumaa kwenye uwanja wa kuteleza barafuni, watoto wakilila kwa vidole. Akajinusa mikono. Akaona kinyaa.

Saa nne mkaguzi wa chakula akafika, Bi. Kuehn, mama mwembamba mwenye miwani shingoni. Duane akamwinamia Marlys sikioni.

"Weka sahihi kwenye faili, mpe. Maziwa tunayamwaga sasa hivi, nani atajua? Watu arobaini wanakula hapa, mama. Na wewe umo."

"Usinipumulie."

Bi. Kuehn akafunua kurasa za faili lililochapwa. "Nzuri hizi. Hamna hata pengo moja."

Marlys akaiweka kalamu mezani, mbali na mkono wake.

"Usizisome, dada. Tangi la tatu ni uongo tangu tarehe tisa. Na walionunua Ijumaa lazima waambiwe leo."

Duane akasonya. Bi. Kuehn akavaa miwani polepole, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Uongo wa nani?"

Aliyetupa malalamiko shimoni amesimama dirishani, kahawa imempoa. Aliyeifundisha programu kujifanya inajua amekaa kitini. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa Marlys, ungemjibu nini yule mama?