Moto Ulioingia Bondeni

Siku yangu ya kwanza kwenye kikosi cha moto, katika mbuga ya wanyama mashariki mwa nchi, sikupewa kiberiti. Kapita, mkuu wa kikosi chetu, alinikabidhi konzi ya nyasi.

"Zikunje. Zikipinda, tunachoma. Zikikatika, tunarudi kambini."

"Na konserivateri akituamuru?" Huyo ndiye aliyesimamia mbuga nzima.

"Konserivateri iko na karatasi. Akunje karatasi yake."

Niliacha shule darasa la tano, nikafyatua matofali Bukoba, nikaosha malori Kampala. Kazi hii ilinituliza kwa sababu kila siku ilinipa swali jipya. Kapita alitufundisha kuchoma mapema, mvua zikiisha tu: moto hutambaa, mizizi hubaki, majani mabichi huchipua. Nyasi zikiachwa zirundikane, moto wa kiangazi huua hata miti. Kando ya bonde la mafunjo tulifyeka ukanda mtupu, moto usivuke.

Mwaka mmoja ruhusa ilichelewa. Ilipofika, nyasi zilikuwa zinakatika, na kapita alikuwa ametumwa kusini mwa mbuga.

"Choma leo," konserivateri mpya aliniambia. "Au unamngoja baba yako?"

Wenzangu walicheka. Nikawasha.

Upepo ukageuka. Moto uliruka ukanda ukaingia kwenye nyiramugengeri, udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Humo moto hauna mwali, unakula chini kwa chini. Bonde lilifuka moshi hadi mvua kubwa. Nyasi zikiungua, za msimu ujao huivuta tena kutoka hewani kaboni iliyopanda na moshi. Udongo ule, wajukuu wetu hawatauona ukirudi.

Konserivateri, kana kwamba si yeye aliyeamuru, aliuliza mbele ya kikosi nani aliwasha. Kapita, aliyekuwa amerudi kutoka kusini, alijibu, "Kikosi ni changu," akafukuzwa. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza.

Sasa nimestaafu, naishi jijini, mtaa wa Remera, nyuma ya makutano ya Gisimenti. Vijana huniuliza kama moto ni adui wa dunia. Nawaambia waulize kwanza unaungua nini, na lini.

Mwezi uliopita nilimtafuta kapita, nikamkuta mtaa wa Kimironko, amekaa peke yake.

"Mzee, ni mimi niliwasha."

"Nilijua wiki ile ile."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Mimi nilishakusamehe." Alinisogezea kiti. "Lakini mke wangu alikuwa wa bonde lile, ndugu zake walilima pembeni mwa mafunjo. Amekufa akiamini ni mimi nililichoma."

Nilikaa. Kisha nikamwomba anielekeze kwa ndugu zake.