Matete ya Bwawa la Waithaka

Nakumbuka siku moja ya Jumapili, mwanangu, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, tulishuka basi Dagoretti Corner watu watatu, kamera mbili na chupa ya chai, tukashika njia ya Waithaka kwa miguu. Usicheke. Tulikuwa tunaenda kupiga ndege picha. Mama yangu kule Bungoma alipoambiwa kazi hiyo aliuliza kama Nairobi watu wameisha.

Watu wenyewe ni hawa. Mzee Mutiso, Mkamba mpole mwenye studio ya picha pale River Road, juu ya duka la misumari. Wafula, kijana wa kwetu, mchangamfu, mwenye mdomo wa kumchekesha hata bwana harusi aliyenuna. Halafu mimi, Nekesa, ambaye kazi yangu ilikuwa kuosha filamu katika chumba cha giza na kuanika picha za wengine kwenye kamba kama nguo. Mteja akinikuta nimeshika kamera aliuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Iliniuma, haki ya Mungu iliniuma sana.

Sasa, mwenye kiwanda cha kuchapa aliyekuwa jirani yetu alitaka picha ya ndege kwa kalenda yake. Atakayemletea iliyo nzuri kuliko zote, jina lake lingechapwa chini ya picha, lionekane katika kila ofisi na kila kinyozi mjini. Jina langu! Nilianza kuliona hata usingizini. Nilijiambia nikiipata kalenda ile, hakuna mtu atakayeniuliza tena mwenyewe yuko wapi.

Waithaka palikuwa na bwawa, limezungukwa na matete marefu kuliko mtu, na upande mmoja njia ya akina mama kwenda kuteka maji. Mzee Mutiso alitufundisha kutembea ukingoni polepole, kusimama, kutembea tena, bila kuzungumza. Wafula kunyamaza ilikuwa kama kufunga Kwaresima. Asubuhi hiyo tulimwona korongo, yule mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, amelalia mayai yake katikati ya matete. Mungu wangu, alikuwa mzuri! Shida ni moja. Kila nikitazama kwenye kamera naona jani hapa, jani pale, na jicho moja la ndege likinitazama nyuma ya jani lingine.

Wafula akaninong'oneza, "Yakate kidogo tu." Nami nilikuwa nimeshayashika matete kwa mkono wa kushoto, navuta, ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nekesa, wacha hiyo."

"Mzee, nasogeza kidogo tu."

"Hiyo matete si takataka. Ni mlango ya huyu mama. Ukiitoa, kila mtu ataingia."

"Lakini picha haitatoka!"

"Basi isitoke," akasema, akamimina chai yake.

Ala! Nilinuna mwanangu, usiulize. Kutoka bwawani hadi stendi sikumsemesha. Nilimwona mzee huyu anataka nife nikianika picha. Nilipiga picha nilizoweza, na zilipooshwa zikawa taji, jicho moja na nyasi tele. Mwenye kiwanda alizitazama akacheka. "Binti, hapa ndege ni yupi?"

Wafula hakununa. Wafula alirudi Waithaka peke yake katikati ya juma, na mundu ndani ya mfuko wa kamera. Picha yake niliianika mimi mwenyewe, na nakwambia ukweli, sijawahi kuona picha kama ile. Korongo mzima, kuanzia taji hadi miguu, amesimama juu ya mayai, hata mayai unayahesabu. Mwenye kiwanda alimkumbatia Wafula katikati ya barabara. Mimi nilirudi katika chumba cha giza nikalia, maana huko hakuna anayekuona.

Mzee Mutiso alikuja akaitazama picha ile kwenye kamba muda mrefu. Kisha akaweka kidole pembeni, chini kabisa, ambapo vishina vya matete vilivyokatwa vilionekana vimechongoka.

"Wafula, hii ulikata wewe?"

"Kidogo tu, Mzee. Hata huyo ndege hakujali, alirudi kukaa."

Jumapili Mzee akatuambia tubebe kamera, tunakwenda Waithaka, na tukaenda.

Kabla hatujafika ukingoni tuliwasikia kunguru. Matete yalipokuwa yamekatwa palibaki uwazi, na ukisimama kwenye njia ya maji unakiona kiota chote, bila hata kuinua shingo. Mama mmoja aliyebeba debe alitueleza bila kuulizwa. Tangu matete yaondoke, ndege yule alikuwa akiona kila mpita njia, anaruka. Mtu akipita, anarudi. Mwingine akija, anaruka tena. Kunguru walimvizia hivyo hivyo, siku moja tu akachelewa kurudi.

Kiota kilikuwa na maganda na ute uliokauka. Korongo alikuwa amesimama palepale, na mwenzake pembeni, kimya. Hawakutukimbia. Nadhani hawakuwa na cha kukimbilia wala cha kulinda.

Mzee Mutiso akamvulia Wafula kamera begani, taratibu, kama baba anayemvalisha mtoto shati, akamtia mkononi.

"Piga, Wafula. Saa hii hakuna kitu ya kukuzuia."

Wafula aliinua kamera mpaka kidevuni. Ikakomea hapo. Akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya kanisani, akalia kwa sauti. Mimi nilimshukuru Mungu kwamba mkono uliokata haukuwa wangu, halafu nikaogopa, kwa sababu ulibaki kidogo sana uwe wangu.

Jumatatu asubuhi Wafula alikimbia kwa mwenye kiwanda kuomba picha irudishwe. Akajibiwa, "Kijana, imeshaingia mtamboni." Kalenda ikatoka. Mwaka mzima aliiona kila alikokwenda, kwa kinyozi, hotelini, hata ofisi ya chifu, na jina lake chini. Watu walimpongeza, naye alijibu asante huku akitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mwema, Wafula. Hakuwahi tena kubeba mundu, na mimi kalenda sikuipata, wala mwaka uliofuata.

Mwanangu, sikusimulii haya kwa sababu ya ndege. Jumamosi iliyopita hospitalini nilikuwa nimekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda cha shangazi yako. Wewe ulidhani nimesinzia. Nilikuona ukishusha shuka aliyojifunika mpaka shingoni, polepole asiamke, ili simu yako ipate uso wake na mifupa ya kifua chake, jamaa wote wamwone na wamwombee. Najua hukuwa na nia mbaya. Hata Wafula hakuwa na nia mbaya, alitaka picha itoke vizuri. Lakini shangazi yako, mwanamke aliyekuwa hatoki mlangoni bila kilemba, alijifunika kwa mkono wake mwenyewe, na nguvu ya kujifunika tena hana.

Ukikuta mtu amejisitiri, hata kama ni kwa jani moja, liache jani lake. Uliza kwanza, na akikataa, basi picha isitoke. Huwezi kulipanda tete likaota leo kwa sababu umejuta leo, na ukishawatumia watu picha hutajua imefika wapi.

Ile ya shangazi uliipata wazi sana, nimeiona. Ifute, mwanangu. Waambie na uliowatumia waifute. Kisha uende ukakae naye mikono mitupu, naye Mola akubariki kwa kila dakika utakayokaa, akupe watu watakaokufunika siku mikono yako itakaposhindwa.