Mimi Mfipa, kampuni inanikata mshahara kwa gunia la mahindi na inaliita benefit!

Wakuu, heshima kwenu nyote. Haya sijasimuliwa na mtu, yamenikuta mwenyewe hapa Laela, na hadi naandika bado nina hasira.

Nipo kwenye kampuni moja inayonunua nafaka, makao makuu Dar. Kazi yangu ni kupima unyevu wa mahindi na kusimamia mzani wakulima wanapoleta mzigo.

Kwenye offer letter niliona basic salary nzuri, na chini yake benefits: bima ya afya, nyumba, chakula. Jamani, nilichekelea! Nikasaini kila ukurasa palepale.

Siku hiyohiyo nikaenda kijijini kwa mama. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikamwambia nikipata mshahara tu nampeleka Mbeya akafanyiwe operesheni. Alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Mwisho wa mwezi, salary slip hiyo.

PAYE, sawa. Hifadhi ya jamii, sawa, ni uzee wangu. Bima, sawa, ingawa nilipouliza kuhusu mama nikaambiwa ni mimi, mke na watoto tu.

Shida ikaanza huku chini. "Nyumba", yaani chumba kimoja nyuma ya ghala, nimekatwa. "Chakula", nimekatwa.

Chakula gani? Gunia la mahindi kila mwezi!

Wakuu, mahindi kwetu tunalima wenyewe. Kihenge cha mama kilikuwa kimejaa. Gunia lile nililipokea kwa mikono miwili na kushukuru, maana kwetu mtu akikupa chakula hukikatai, ni dharau. Kumbe nimenunua! Tena kwa bei ya Dar, karibu mara mbili ya ile tunayomlipa mkulima hapo getini.

Mwenzangu Masanja, Msukuma mwenye shamba na ng'ombe zake kule Ilemba, la kwake alishampa jirani akijua ametoa sadaka.

Take home iliyobaki, Mbeya haifiki. Nikampigia dada wa HR.

"Hiyo ni benefit, kaka. Wenzako wanaitamani."

"Dada, nipeni hela. Mahindi ninayo."

"Ipo kwenye mkataba uliosaini. Hatubadilishi kwa ajili ya mtu mmoja."

Akakata simu!

Kumwambia mama nilishindwa. Nikawa napiga danadana, mara wiki ijayo, mara mwezi ujao. Mwishowe akasema mwenyewe, "Usihangaike mwanangu. Nitauza mahindi."

Akayaleta na mkokoteni wa ng'ombe hadi kwenye mzani wangu. Mahindi ya kula mpaka mavuno yajayo, hayo, yenye punje nyekundu za mbegu yake ya zamani. Nikayapima kwa bei ileile ya kampuni, maana sina mamlaka ya kuongeza hata shilingi. Alisogeza uso karibu na mzani, hakuona kitu.

"Zimefika kilo ngapi, baba?"

Nikamsomea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Jicho moja limeshafanyiwa operesheni na anaona vizuri, Mungu ni mwema. Ila kihenge ni kitupu, kwa hiyo gunia la kampuni sasa nampelekea yeye.

Juzi nimelifungua mbele yake. Akachota kiganjani, akazitazama punje zilezile nyekundu.

"Mbona haya ni ya kwangu?"

Ndugu zangu, mkipewa offer msishangilie basic. Ulizeni take home ni ngapi, na kila kinachoitwa benefit ulizeni nani anakilipia.

Wanaojua sheria za kazi, naweza kujitoa kwenye hilo gunia bila kufukuzwa? Mimi na Masanja tuko tayari kuandika barua. Karibuni mnishauri, hata kunisema nisemeni. Ila kama wewe ni HR, usije hapa kuniambia nina bahati.