Kangaga la Mwambani

Hebu vuta picha ya mwamba mweusi, mlimani juu ya kijiji chetu cha Munisagara, wakati wa kiangazi. Jua limeuchoma tangu asubuhi. Kwenye ufa mwembamba kimejishikiza kimea kidogo, majani yamejikunja, rangi yake kama tumbaku. Ungesema kimekufa. Ni kangaga. Litie maji, na kesho yake utalikuta limefunguka, kijani kibichi.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne nilipanda mpaka pale kumtafutia ubaya mtu mzima.

Mzee Kibwana, jirani yetu, alikuwa amempiga mbuzi wangu Madoa kwa mpini wa jembe, kwa kosa la kula mbaazi zake. Madoa alikufa kabla ya kisu kufika, kwa hiyo hata nyama yake haikulika. Tulimfukia kama mbwa. Baba alimwambia, "Basi, mzee, yameisha." Kwangu hayakuwa yameisha.

Habari za kangaga nilizipata kwa bibi, tukipukuchua mahindi. Unaling'oa huku ukimtaja aliyekudhulumu, unalileta nyumbani bila kusema na mtu njiani, unalitia kwenye bakuli la maji. Linavyofunguka, ndivyo tumbo lake linavyovimba.

"Na ukifumbua mdomo njiani," bibi alisema, "tumbo litakalovimba ni lako. Kwa hiyo liache huko huko."

Sikuliacha. Nilimtaja Mzee Kibwana mara tatu, nikateremka nimelifumbata. Njia nzima niliona tumbo lake likijaa, mkewe akimpepea, naye akiomba radhi kwa Madoa. Sijawahi kufurahi vile. Karibu na reli, nani anakuja? Yeye mwenyewe, jembe begani.

"Shikamoo, babu," nikasema, na magoti yakajikunja.

Sikuwaza. Neno lilitoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtoto wa kwetu.

"Marahaba, mama. Umetoka kuokota kuni?"

Nilikwisha kuharibu. Nikajibu, "Ndiyo."

"Mbona sizioni? Umezila?" Akacheka, akapita zake.

Nililitupa kangaga, nikafika nyumbani nimeshika tumbo kwa mikono miwili, nikimlilia bibi kwamba nakufa.

"Umesema na nani?"

"Na Mzee Kibwana."

Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Unataka kumuua mtu, halafu unamwamkia?"

"Nilisahau."

Alinilaza mapajani, akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu, hakukiondoa mpaka nikalala. Halikuvimba. La Mzee Kibwana nalo halikuvimba. Alizeeka, akafa kwa uzee wake. Msibani kwake nilipika na wanawake wenzangu, nikalia kama wao, ila machozi yangu yalikuwa ya Madoa.

Siku hizi nafundisha Mikumi. Ningependa kuwaambia wanafunzi wangu kwamba adabu iliniponya chuki. Si kweli. Adabu ilinizuia mkono tu. Chuki niliendelea kuilea kimya kimya, miaka na miaka, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza habari za mbuzi wangu. Kila asubuhi watoto wananipangia foleni ya shikamoo, nami nawaitikia mmoja mmoja, nikiwatazama machoni.

Kwa hiyo nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mtoto akishakuamkia, bado hujajua anakuwazia nini. Muulize.