Nilimzika Baba wa Mwanafunzi Wangu Akiwa Hai

Kosa ni langu, na sitafuti mtu wa kugawana naye. Nisikilizeni tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Igogo, Mwanza. Mwalimu mkuu alinipa kazi ya kukusanya picha na visa vya darasani vya kuweka kwenye ukurasa wa shule mtandaoni. Alinichagua kwa ujanja wangu. Samaki sato simnunui bila kumfunua mashavu, na chenji nahesabu mara mbili hata akinirudishia mchungaji.

Picha za watoto wakiandika hazikupata watazamaji. Nikaona biashara hii inataka machozi.

Nikamwita binti mmoja wa darasa la nne. Nimwite Kabula, silo jina lake. Sweta limetoboka kiwikoni, tabasamu kubwa. Nikampiga picha, nikamuuliza, "Baba anafanya kazi gani?"

"Baba hayupo, mwalimu."

Jamani! Si ningeuliza tu, hayupo, yuko wapi? Nilikwepa makusudi. Nilihisi jibu litanishushia bei. Nikaandika: "Yatima anayeota kuwa nesi." Hata huo unesi niliongeza mimi!

Watu wakamiminika: pole mwanetu, Mungu akulinde. Nikatembea ofisini kifua mbele.

Kumbe wenzake walimsomea Kabula yale maneno kwenye simu ya jirani. Hakusema mwalimu kakosea. Alikimbia kwa mama yake akilia, "Mama, mmenificha! Baba amekufa, mwalimu kaandika!"

Baba yake ni mvuvi, alikuwa kambini visiwani, na huko simu haishiki. Mama akapiga, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Na ziwa tunalijua. Ukoo ukakusanyika, moto wa msiba ukawashwa uani, bibi akalia mpaka sauti ikakauka.

Siku chache baadaye mwanaume mmoja akaingia ofisini, ananuka dagaa.

"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ndiye marehemu."

Walimu wakacheka. Hata mimi nilicheka, ee Mungu nisamehe! Yeye hakucheka.

"Nimeshuka mtumbwini pale mwaloni, watu wananikimbia. Mama yangu kanipapasa uso kama haoni. Nani alikwambia nimekufa?"

"Samahani kaka. Binti mwenyewe alisema baba hayupo."

"Sisi wavuvi lini tumewahi kuwepo?"

Nikatoa simu pale pale mbele yake.

Picha nilifuta. Nikaenda kwao kuomba radhi mbele ya ukoo. Wakanipa na kiti, afadhali wangenitukana! Ila baba mtu hajarudi kisiwani. Kila akishika begi, Kabula anamng'ang'ania shati. Nafasi yake mtumbwini ameshapewa mwingine.

Nyie mnaokusanya visa vya watoto wa watu, msomeeni mzazi kila neno kabla halijatoka. Akikataa, wekeni picha ya darasa lililofagiwa, inatosha!

Juzi Kabula aliniamkia getini, "Shikamoo mwalimu." Nilitaka kumuuliza kama bado ananiamini. Nikashindwa. Niliogopa atasema ndiyo.