Usukani wa Shemeji

Shemeji yangu ni fundi wa kufuli, na klabuni kwetu wanamwita Vuta. Jina lilimfaa. Ukipita kando ya bwawa siku ya mashindano, sauti yake ndiyo utakayoisikia kabla hujayaona matanga: "Vuta! Nimesema vuta! Huko unavuta au unabembeleza?" Aliyekuwa akifokewa hivyo, miaka nenda miaka rudi, ni mdogo wake wa kike, yaani mke wangu. Yeye alikaa mbele, akashughulikia tanga dogo na kuning'iniza mwili nje ya mashua upepo ukizidi. Shemeji alikaa nyuma na usukani.

Klabu yetu ina makundi mawili. Wenye mashua za mtu mmoja tunawaita Makapera, wenye mashua za watu wawili ni Wanandoa, hata kama ni baba na mwanawe. Wanataniana mpaka basi. Makapera husema Wanandoa hawawezi hata kupiga chafya bila kushauriana, na Wanandoa hujibu kwamba Makapera wanakwenda peke yao kwa sababu hakuna anayewataka. Kundi linaloshindwa mbio za kufunga mwaka huosha mashua za wenzao, na maji humwagika zaidi juu ya watu kuliko juu ya mashua. Mimi nimo kwenye boti ya uokoaji, sina kundi, nacheka na wote.

Siku moja shemeji aligonga boya la kugeuzia kwa uzembe wake mwenyewe, akamshukia mke wangu mbele ya klabu nzima kama vile boya alilileta yeye. Mke wangu aliosha mashua, akakunja tanga, na Jumapili iliyofuata alitokea na kimashua cha mtu mmoja, alichonunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Shemeji alizunguka akisema Makapera wamemwibia mtu. Kwamba huyo mtu alikuwa na miguu yake halikumpitia kichwani.

Sasa tatizo. Kamati ilikuwa na sheria kwamba kundi lisilomaliza na mashua tano kwenye mbio za kufunga mwaka linafutwa. Mashua za Wanandoa zilibaki tano kamili, ya shemeji ikiwemo. Asipopata mtu wa kukaa mbele, kundi alilolianzisha kwa mikono yake lingekufa.

Basi akatafuta. Mteja akija kuchongesha ufunguo, yeye anamtazama mabega. "Unaogelea? Una kilo ngapi?" Mama mmoja aliyejifungia nje, maziwa yako jikoni yanafurika, ilibidi kwanza aeleze kama anaogopa maji ndipo kitasa kiguswe. Kinyozi wa jirani alikubali, akaenda mara moja, akarudi amenyong'onyea. "Mzee," akamwambia, "hata nyumbani nafokewa, lakini kule angalau wananipa chakula." Muuguzi mmoja alistahimili nusu ya mazoezi, akaomba ashushwe kwenye majani ya ukingoni, arudi kwa miguu.

Wiki ya mbio alikuja kwetu. Alisimama mlangoni, hakuketi, akazungumza na mimi ilhali mke wangu yuko hapo hapo anapiga pasi.

"Shemeji, hebu nisemee kwa mkeo."

"Si huyo hapo? Msemeshe mwenyewe," nikamwambia.

Mke wangu hakuinua macho. "Nitakuja, kaka. Ila usukani nashika mimi."

Shemeji alishika kitasa cha mlango wetu, akakizungusha mara mbili tatu kama anayekikagua, hata nikamwonea huruma. Kisha akasema, "Sawa." Nilijua lilimkata maini.

Kwetu mshika usukani huandikishwa kabla ya honi, na yeye ndiye anayetakiwa kuushika mpaka mwisho. Hakuna mwamuzi majini. Ukitoka, katibu anakuuliza mwenyewe kama umefuata sheria, unajibu, na jibu lako linatosha. Tunajivunia sana jambo hilo.

Nawaambia, sijawahi kumwona mke wangu hivyo. Aliiondoa ile mashua mstarini kana kwamba wengine wamefungwa kamba. Akawapita Wanandoa, akawapita Makapera, nao kwa mshangao wakawa wanamshangilia. Mbele, shemeji alivuta alipotakiwa kuvuta. Mdomo ulimcheza, lakini aliufunga. Nilianza kumpenda upya.

Kwenye boya la mwisho, upepo ukageuka. Haukuwa mkali. Mke wangu alikwisha kuuona, alikwisha kuanza kugeuza. Shemeji aliruka nyuma, akamkwapua usukani. "Lete hapa, utatuzamisha!" Nilikuwa karibu, nilimwona mke wangu akiinua mikono yote miwili na kuiweka magotini. Mashua ikamaliza ya kwanza hivyo hivyo, shemeji akiwa ameketi mahali pake pa siku zote.

Gatini ikawa shangwe. Shemeji alishazungukwa na watu, anawaonyesha kwa mikono jinsi alivyoiokoa mashua kwenye lile boya. Katibu akamfikia mke wangu.

"Usukani uliushika mwanzo hadi mwisho?"

Mke wangu alimtazama kaka yake, akamngoja. Nafasi ilikuwa ya shemeji kukiri, hata kwa mzaha, hata kwa kuinamisha kichwa tu. Yeye alikuwa bado anasimulia.

"Hapana," mke wangu akasema.

Mashua ikafutwa matokeo, zikabaki nne, na kundi likafutwa jioni ile ile. Hakuna aliyeosha mashua ya mtu. Shemeji alimfuata mdogo wake mpaka kwenye maegesho, machozi yanamlengalenga. "Neno moja tu! Ungesema ndiyo, ungepungukiwa nini?"

"Na wewe, kaka, ungepungukiwa nini?" Akapanda gari, tukaondoka.

Mke wangu kile kimashua chake amekiuza, na dukani kwa kaka yake hapiti. Mimi bado napita. Shemeji anachonga funguo huku anamweleza mteja jinsi dada yake alivyoliua kundi zima siku waliyoshinda, upepo ulikuwa vipi, boya lilikuwa wapi. Nimemsikiliza mara nyingi hadi mwisho. Hajawahi kutaja kwamba kabla ya lile boya mashua ilikuwa inaongoza.