Siyo mimi niliyekuwa namchapia Dada Wakuru

Akili yangu bado inagoma. Dada Wakuru tumemzika juzi Butiama, na leo asubuhi nimejikuta nakata kona kwenda kwake kama kawaida.

Wengi mlikuwa mnamjua. Yule dada wa steshenari hapa Kitaji, Musoma, mwenye kicheko kinachofika barabarani kabla yake. Homa ya siku chache tu, basi, kaondoka.

Naandika kwa aibu. Mnaonijua mnajua, mimi hata kuitika "present" darasani ni shida.

Pale msibani waliposoma wasifu wake, walisema tangu apate ajali ya bodaboda Nyamuswa mikono ikafa, hakuweza kazi tena. Halafu MC akasema, "Tumshukuru sana huyu binti jirani, ndiye alikuwa anamchapia kazi zote mpaka duka likabaki wazi. Binti, simama wakuone!"

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Nikaangalia viatu vyangu, nikakaa.

Jamani, siyo kweli. Sijawahi kumchapia hata barua moja.

Nilichofanya mimi kilikuwa likizo ya mwaka juzi. Vidole vyake vilikuwa havikunjiki, duka kafunga, laptop kaifunika kitambaa cha kufuma utafikiri maiti. Nikamwambia kwa sauti ya chini, dada, hii laptop inaweza kukusikiliza.

Akaniangalia. "Wewe usiyeongea ndiyo unaniletea mashine ya kuongea nayo?"

Tukaingia Settings, Accessibility, Speech, tukawasha Voice access, ile ya kuiamuru kompyuta kwa sauti. Bando lake lote likaisha kwenye kupakua mafaili ya lugha. Nikamwekea mshale mkubwa, maandishi makubwa, maiki ya waya ya kubana kwenye kola.

Ikabidi tuijaribu, na hapo mlangoni watu wameshajaa kuja kushangaa. Mimi nanong'ona "open settings", laptop kimya. Narudia, kimya. Yeye akacheka, akajaza kifua: "OPEN SETTINGS!" Ikafunguka. Mama muuza dagaa wa jirani akapiga vigelegele. Oh my God, nilitamani ardhi inimeze, na wala hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi!

Akisema "show numbers", kila kitufe kinaota namba. Akisema "click seven", kinabofywa. Kiingereza chake cha Mara kabisa, nikaogopa itamkataa. Haikumkataa.

Shida ikawa Kiswahili, Voice access haikijui. Kwa hiyo kuamuru akawa anaamuru kwa Kiingereza, kuandika anaandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa mtandaoni wenye alama ya maiki, unaogeuza sauti kuwa maandishi. Voice access anaiamuru ilale, ukurasa unaandika. Mimi nilimwonyesha mara moja. Mpangilio wa siku nzima aliutengeneza mwenyewe.

Lakini Dada Wakuru alikuwaga hawezi kuacha salamu ya mtu ipite. Barua ya kijana mmoja ya kuomba kazi ikatoka hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu, marahaba mwanangu, mama hajambo, mwambie arudishe sufuria." Na ameshaprint! Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini.

Siku nyingine akaamua asijibu mtu mpaka amalize. Mzee mmoja wa Suguti akanuna. "Wakuru, siku hizi unaongea na bati, sisi watu tumekuwa hewa?" Akailaza laptop isisikilize, akatoka nje, akamsalimia mzee na familia nzima mpaka ng'ombe. Tangu hapo wateja wakajifunza. Ukifika unanyoosha mkono, unasubiri, akiilaza ndipo salamu zote zinamwagika kwa pamoja.

Shule ikafunguliwa, nikarudi bweni Bunda. Kila likizo nakuta mikataba, kadi za harusi, mitihani ya walimu, zote kazi zake. Mimi nilikuwaga nakaa pale na kuchomoa karatasi kwenye printa. Ndugu zake wakija wananiona karibu na mashine, wakajua ni mimi. Na mimi nikaacha wajue hivyo, kwa sababu kukanusha kunahitaji mdomo.

Jana nikampigia kaka yake, Kaka Magesa. Nilikata kabla haijaita vizuri, nikapiga tena.

"Shikamoo kaka. Siyo mimi niliyekuwa nachapa. Ni yeye mwenyewe, kwa sauti."

Akashangaa: "Kumbe! Mimi nilikuwaga nikija namsikia ndani anafoka Kiingereza peke yake. Nikajua ajali imegusa na kichwa. Nimemwombea mpaka misa!"

Tukacheka wote. Yeye akaishia kulia.

Nikamwomba awaambie watu. Akakataa. "Makofi walikupigia wewe, mdogo wangu. Jumamosi tunaanua tanga, wote watakuwepo. Utasema mwenyewe."

So naandika hapa ili nikose pa kukimbilia. Wewe utakayekuja Butiama Jumamosi, ukiniona nimejificha jikoni kwa akina mama, nitoe. Usinionee huruma.

Dada Wakuru, nisamehe. Ulihangaika, ukakosea, ukacheka, ukarekebisha, ukala jasho lako. Halafu mimi nikasimama mbele ya jeneza lako nikapokea shukrani zako. Nitazirudisha mbele ya wale wale, hata kama nitatetemeka, hata kama nitamudu sentensi moja tu.

Lala pema, dada yangu. Kazi ilikuwa yako.